Goli Limefika kwa Jirani Kwanza

Nyumba yetu ya Tabata inaendeshwa kwa serikali ya mseto. Baba Kulwa ni Yanga, na Kulwa kamfuata baba yake. Mimi na Doto ni Simba. Mama mkwe wangu, aliyehamia kwetu kutoka Unguja baada ya kumaliza eda, yeye ni Malindi, timu ya kwao, na hizi timu za Kariakoo anazitazama kwa huruma tu, kama watoto wa jirani wanaogombana barazani kwake. Tivi ni moja, ya inchi 43. Rimoti inalala chini ya mto wa Mama.

Miaka yote tuliishi kwa dishi. Mwezi ukianza unalipia kifurushi kwa simu. Mvua kubwa ikinyesha picha inakatika, mvua ikikatika picha inarudi. Hakuna aliyekuwa na kinyongo na dishi mpaka shemeji yangu alipokuja kututembelea.

"Shemeji, kweli nyie watu wa mjini bado mnalipia dishi?"

Huyu ni mdogo wake mume wangu, na katika ukoo wao ndiye waziri wa teknolojia, kwa sababu aliwahi kufanya kazi kwenye duka la simu. Akatueleza kwamba siku hizi kuna boksi. Unalichomeka kwenye tivi, unaliunganisha na intaneti, basi: chaneli elfu kumi. Ligi Kuu imo, Uingereza imo, Hispania imo, mieleka imo. Habari za kulipia kila mwezi hakuna. Unanunua boksi mara moja, umemaliza.

"Elfu kumi?" Mama akauliza. "Nani anazitazama zote hizo?"

"Si lazima uzitazame, Mama. Muhimu ziwepo."

Baba Kulwa hakusema kitu, ila nilimwona anakuna kidevu. Nimeishi na mwanamume huyu muda wa kutosha kujua kwamba kidevu kile kikikunwa, pesa imeshatoka.

Boksi likaingia nyumbani asubuhi ya tarehe 8 Machi 2025.

"Mama Kulwa," akasema, "kila Siku ya Wanawake nakupa kitenge. Mwaka huu nimekuletea dunia nzima."

Dunia nzima ilikuwa ndani ya mfuko wa kaki, pamoja na rimoti ndogo isiyo na betri na karatasi ya maelekezo ya Kichina. Kwamba siku hiyohiyo ya wanawake, saa 1:15 usiku, Yanga walikuwa wanawakaribisha Simba Uwanja wa Benjamin Mkapa, hiyo alisema ni sadfa. Kwamba kifurushi cha dishi kilikuwa kimeisha siku chache nyuma na yeye akagoma kukilipia, hiyo alisema ni imani.

Ilikuwa Ramadhani. Mimi nilikuwa jikoni namenya mihogo ya futari, nasikiliza maendeleo ya sebuleni. Intaneti ilikuwa inatoka kwenye simu ya Kulwa, iliyoegeshwa juu ya meza na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Sasa, chaneli elfu kumi zina ugonjwa mmoja ambao muuzaji hausemi: hazina mpangilio wowote. Baba Kulwa alianza kubonyeza kwenda chini tangu saa nne asubuhi. Akapita Brazil. Akapita India, ambako kulikuwa na harusi. Akafika Uturuki, ambako mwanamke mmoja alikuwa anamlilia mwanamume aliyepanda farasi. Mama, aliyekuwa anapita na tasbihi yake, akasimama.

"Huyu analilia nini?"

"Sijui, Mama. Natafuta mpira."

"Basi ngoja kwanza tujue."

Chaneli za hapa nyumbani zilikuwemo pia, majina yameandikwa vizuri kabisa. Ukiibonyeza mojawapo, kioo kinakuwa cheusi, kaduara kanazunguka, kanazunguka, kisha yanatokea maandishi kwamba chanzo hakipatikani. Kulwa akapendekeza wazime na kuwasha, ambayo ndiyo elimu yote ya vifaa vya umeme iliyomo katika nyumba yetu. Wakazima, wakawasha. Kaduara kakarudi.

Doto yuko kidato cha tatu, na hesabu zake ni nzuri kuliko adabu zake. Akachukua kalamu.

"Baba, picha nzuri ya mpira inataka kama megabiti 5 kwa sekunde. Zidisha kwa sekunde 3,600, gawanya kwa 8. Ni gigabaiti 2 na robo kwa saa. Mechi pamoja na mapumziko yake ni gigabaiti 4 na nusu. Bando la Kulwa lina gigabaiti moja na nusu."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo hata mkiipata hiyo chaneli, mpira mtauona dakika arobaini. Mapumziko hamfiki."

Mechi yenyewe ilikuwa imeshaingia mchanga. Alfajiri ile Simba walikuwa wametoa taarifa kwamba hawachezi, wakidai usiku wa kuamkia mechi walizuiwa kuingia uwanjani kufanya mazoezi, wakati kanuni inaipa timu mgeni haki hiyo. Yanga wakasema wao hawana habari ya kuahirisha, wanapeleka timu. Kila simu iliyolia mtaani ilikuwa ya jambo hilo. Mchana Bodi ya Ligi ikatangaza: mechi imeahirishwa.

Nchi ikakasirika. Kuna watu walikuwa wametoka mikoani na tiketi zao mkononi. Lakini nadhani kati ya mashabiki wote wa Yanga wa Tanzania, mmoja alishusha pumzi. Baba Kulwa alitoa Alhamdulillahi ndefu ambayo haikulingana na msiba wenyewe, akaweka rimoti chini, akaja jikoni kuniuliza kama nina nazi ya kukunwa.

Nafuu yake haikufika Isha. Baada ya futari Mama alijiegemeza kwenye kochi, akasema anataka taarifa ya habari ya saa mbili, maana siku hiyo si siku ya kuikosa: lazima kila kituo kitalisema hili la derby. Boksi likamletea mwanamke wa farasi. Baba Kulwa akabonyeza juu, akabonyeza chini. Kaduara. Ilipofika saa mbili kasoro dakika chache Mama akanyanyuka bila neno, akajitanda mtandio, akajaza kaimati kwenye bakuli ili asiende mikono mitupu, akaenda kutazama habari kwa jirani.

Sijui kama mnaielewa aibu hiyo. Mwanamume ana mama yake mzazi chini ya dari lake, ana tivi ya inchi 43 na chaneli elfu kumi, na mama huyo anavuka ukuta na bakuli kwenda kuomba habari za nchi yake. Aliporudi alituhadithia taarifa nzima, kwa kifupi na kwa ukali, kuanzia za kitaifa hadi hali ya hewa.

Boksi lilidumu mpaka karibu na Idi. Siku moja orodha ikawa tupu, chaneli elfu kumi zikawa sifuri, mwanamke wa farasi akapotea kabla hatujajua alichokuwa akililia. Shemeji akapigiwa simu. Akasema "serva imehama", kwa sauti ya mtu anayetangaza kifo cha mzee wa ukoo. Simu ya muuzaji haikupatikana tena.

Hapo nikaichukua wizara.

Nilichotaka kwanza ni watu wa nyumba hii waelewe jambo ambalo shemeji hakuligusa: mpira una mwenyewe. Mei 2021 shirikisho la soka, TFF, na Azam Media walitia saini mkataba wa miaka 10 wa haki za kuonyesha Ligi Kuu, shilingi bilioni 225.6. Aliyetoa kiasi hicho hakukitoa ili Pacome wa Yanga na Ahoua wa Simba watokee bure kwenye mfuko wa kaki. Boksi lile lilikuwa linauza mali ya wizi, na mali ya wizi ndiyo hivyo, leo unayo kesho mwenyewe kaikuta. Ligi ya Uingereza nayo ina mlango wake, SuperSport, na mlango huo uko DStv. Kwa hiyo yule anayekuambia kuna sehemu moja yenye kila kitu, kihalali, kwa bei ya chini, mpe maji ya kunywa na umsindikize.

Habari ni jambo jingine. Habari za ndani ni za bure, na Mama alikuwa na haki ya kukasirika kuliko sote, kwa sababu katika nyumba hii yeye ndiye mkongwe wa televisheni. Unguja walipata tivi mwaka 1973, na ya rangi, wakati huku bara tulisubiri mpaka 1994. Hilo halisemi mara moja. Analisema kila umeme ukikatika, kila tangazo likirefuka, na kila mkwewe anapojifanya anajua rimoti.

"Mie nimeangalia rangi kabla hujazaliwa, mwanangu."

Na anazikumbuka hila zote za tivi tulizofanyiwa tangu hapo. Anaikumbuka tarehe 31 Desemba 2012, mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam; wakati huo alikuwa kaja kututembelea, akaamka mwaka mpya tivi inaonyesha chenga. Tukanunua king'amuzi. Anaukumbuka mwaka 2018, mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilipoamuru ving'amuzi vya kulipia vya satelaiti viondoe chaneli za ndani za bure kwa kuwa leseni zao zilikuwa haziruhusu. Mtu ana dishi juu ya bati, kalipia, na ITV haioni. Wengi tukaongeza king'amuzi cha antena kwa ajili ya habari tu. Kile chetu kilikuwa bado kipo, kwenye boksi la viatu juu ya kabati, na antena yake imepinda. Mama alikitaja siku nilipoichukua wizara. Hatukumsikiliza.

Maana tayari nilikuwa nimeshapiga mahesabu yangu. Tutafunga intaneti ya faiba, ambayo hailiwi kwa gigabaiti. Programu ya mwenye haki za Ligi Kuu tutailipia kihalali, mwezi kwa mwezi, na msimu ukiisha tunaacha. Habari tutazitazama YouTube, kwa sababu vituo vingi vya hapa vinarusha matangazo yao moja kwa moja bila malipo. Uingereza, anayeitaka aende kibanda umiza, kipo hapo kona, benchi hazina migongo lakini hakuna mkataba. Kulwa alilalamika. Nikamwambia Waingereza wenyewe hawamjui.

Mafundi wa faiba walikuja siku tofauti na waliyosema, wakatoboa ukuta pale walipopaona pepesi, wakaacha waya na ruta chini karibu na kabati la vyombo. Hawakueleza chochote. Waliondoka wakiwa wanaongea na simu.

Kabati lile inabidi nilieleze. Ni la Mama, lilivuka bahari pamoja naye, mlango wa kioo na mgongoni kioo cha kujitazamia chote. Ndani yake kuna birika la kahawa la shaba, sinia mbili, hotpoti ambazo hazijawahi kushika chakula, na sahani za harusi yake. Mama alipoona ruta iko sakafuni inawakawaka taa, akaihurumia. Kitu cha pesa hakikai chini. Akaiingiza kabatini, katikati ya birika na hotpoti, akaifunika kitambaa cha kufuma chenye maua ya waridi kwenye pembe, akafunga mlango. Wageni wakiingia waione imetulia.

Tulipoijaribu kwa kipindi cha mapishi, ilikuwa sawa. Kisha ikaja Jumapili ya tarehe 25 Mei, fainali ya pili ya Kombe la Shirikisho, Simba na RS Berkane ya Morocco, Uwanja wa Amaan. Unguja! Simba walikuwa wameshafungwa 2-0 kule Berkane, lakini mimi na Doto tulivaa nyekundu, na Mama kwa mara ya kwanza akatangaza upande. Si Simba. Uwanja. Alikaa mbele kuangalia kama majukwaa ya Amaan yanatunzwa.

Dishi likikosa mawimbi linakuambia ukweli: picha inakatika, unajua umekatika. Tivi ya intaneti ina heshima ya kinafiki. Njia ikiwa nyembamba haikatiki, inashusha ubora wa picha kimyakimya, ngazi moja baada ya nyingine, mpaka unajikuta unashangilia miraba. Joshua Mutale alitufungia goli mapema. Naambiwa lilikuwa goli zuri. Sisi tuliona kidoa chekundu kikipita kwenye kijani, kisha madoa mengine yakakirukia. Doto alikuwa analia kwa furaha huku amesogeza uso inchi kadhaa kutoka kwenye kioo, kuona kama ni Mutale au ni mwamuzi. Mama akasema hawezi kuona majukwaa, anaona matofali.

Iliisha 1-1, kombe likaenda Morocco kwa jumla ya 3-1, na Baba Kulwa akajitahidi kweli asicheke mpaka alipofika chumbani.

Mwenye kugundua ni Doto tena. Alizunguka nyumba na simu anapima kasi. Mbele ya kabati wazi, kasi nzuri. Mlango ukifungwa, inapungua. Kwenye tivi, iliyo upande wa nyuma wa kabati, karibu hakuna kitu. Alitueleza kwa subira ya mwalimu wa zamu: mawimbi ya ruta yanapita kwenye mbao, lakini kioo cha kujitazamia kina utando wa madini nyuma yake, na utando huo unayarudisha, shaba na sinia vinafanya hivyohivyo. Kitambaa hakizibi mawimbi, ila kinaifanya ruta ishindwe kupumua, ndiyo maana ilikuwa ya moto. Baba Kulwa akaitoa, akaitundika ukutani, juu, mahali peupe, karibu na picha ya Kaaba.

Mama akaitazama imening'inia pale na antena zake mbili juu.

"Sasa mmeivua nguo mbele za watu," akasema, akakikunja kitambaa chake.

Derby iliyoahirishwa Machi ikapangwa tarehe 15 Juni. Baba Kulwa akalipia kifurushi cha programu mapema, kwa unyenyekevu wa mtu aliyefundishwa. Ikasogezwa mbele, 25 Juni. Nilipokagua tarehe za kifurushi nilikuta kitaisha kabla. Akalipia tena. Yaani pesa ya mchezo mmoja wa dakika 90, ukijumlisha boksi, faiba, kitenge nilichokikosa na vifurushi vya kusubiria, ingetupeleka uwanjani familia nzima na Mama akakaa jukwaa kuu.

Jumatano ile saa kumi na moja jioni picha ilikuwa safi kuliko dishi lilivyowahi kutupa. Nyasi zilikuwa zinaonekana moja moja. Baba Kulwa alikuwa anatembea sebuleni mikono nyuma, mwenye nyumba. Kulwa alikuwa ameiinua simu mbele ya tivi ili shangazi yake wa Muscat atazame kwa video, kazi aliyoahidiwa riyali. Mama alikaa pembeni na redio yake ndogo ya betri sikioni, kwa sababu, alisema, watangazaji wa tivi wanamwambia kitu anachokiona, wa redio wanamwambia kila kitu.

Yanga walikuwa wanahitaji sare tu wachukue ubingwa. Simba lazima ishinde. Kipindi cha kwanza kikapita bila goli. Kilikuwa kipindi cha pili, mpira uko katikati ya uwanja, hakuna hatari yoyote, mtu wa Simba anarusha, Mama akasema:

"Penalti."

"Wapi, Mama?" Baba Kulwa akauliza.

"Ya Yanga."

Tukatazama tivi. Mpira wa kurusha. Hapohapo kwa jirani wakapiga kelele, kibanda umiza cha kona kikalipuka, mtu akapuliza vuvuzela. Kwenye tivi yetu Simba walikuwa wanapasiana taratibu.

"Pacome anaweka mpira," Mama akaendelea, macho kwenye dari. "Anarudi nyuma. Anakimbia." Akatulia. "Kafunga."

Jirani tena, safari hii na sufuria. Baba Kulwa akaruka, akashangilia tuta ambalo kwa tivi yake halijatokea, kisha akarudi kukaa, akasubiri, na kweli, mpira ukasogea kwenye boksi, filimbi ikalia, Pacome Zouzoua akaweka, akarudi nyuma, akakimbia. Baba Kulwa akashangilia mara ya pili kwa nguvu zilezile. Mimi na Doto tukafungwa goli moja mara mbili. Sekunde chache baadaye simu ya Kulwa ikapiga yowe: shangazi yao wa Muscat naye limemfikia.

Ucheleweshaji huu si kosa la kampuni yoyote, na ndiyo maana hauna mtu wa kumpigia simu. Satelaiti iko juu kilomita 36,000 hivi. Mawimbi yanapanda huko, yanashuka huko, na safari nzima inachukua kama robo ya sekunde. Faiba inapita hapa chini, mtaani kwetu, na inakuja mwisho. Kinachochelewesha si njia, ni mapishi: picha inakatwa vipande vya sekunde kadhaa, kila kipande kinaandaliwa kwa ubora tofautitofauti, kinawekwa kwenye mitambo, halafu tivi yako inavuta vipande na kujiwekea akiba kabla haijathubutu kukuonyesha hata kimoja. Akiba hiyo ndiyo inayokuepusha na kaduara. Ukijumlisha yote unaweza kuwa nyuma kwa nusu dakika, na nusu dakika katika derby ni umri mzima. Filamu unaweza kuitazama mwaka kesho. Goli likichelewa hivyo unapewa na mama mkwe.

"Mama, naomba uzime redio," nilimwambia kwa adabu zangu zote.

"Nikizima redio, jirani naye atazima mdomo?"

Hakuwa na kosa. Baba Kulwa akajaribu kufunga madirisha, joto likatushinda, akafungua. Tukakubaliana Mama asikilize kwa spika ya sikioni na asitamke neno. Akatii. Lakini uso wa mtu mzima aliyesikiliza mpira wa Malindi tangu ujana wake una habari zote. Nyusi zikipanda, ni kona. Akifumba macho, kipa kaokoa. Sote tukaacha kuitazama tivi ya inchi 43 yenye nyasi za kuhesabika, tukawa tunautazama uso wa Mama.

Mwishoni mwishoni akavuta pumzi, akamtazama mwanawe, akatabasamu kidogo tu.

Mimi na Doto tulielewa pamoja. Hapo ndipo niliupata uzuri pekee wa tivi ya intaneti: aliyefungwa anapewa nusu dakika ya kukimbia. Doto akasema anakwenda kufua sare yake ya shule, katikati ya likizo. Mimi nikasema nimesahau kitu kwenye jiko. Clement Mzize alipofunga la pili sebuleni kwetu, mimi nilikuwa nakoroga sufuria lisilo na kitu, nikiwasikia Baba Kulwa na Kulwa wakivunja kochi. 2-0, ubingwa wa nne mfululizo. Shangazi wa Muscat akalia baada yao.

Ingeishia hapo kama si taarifa ya habari. Saa mbili usiku Baba Kulwa, mwenye furaha ya kugawa, akamfungulia Mama YouTube kwenye kituo anachokipenda. Picha safi, sauti safi. Mama akatazama saa ya ukutani, saa anayoiamini kwa swala na dawa za presha. Mshale ulikuwa umeshapita saa mbili. Kwenye tivi bado kulikuwa na tangazo la sabuni.

"Kachelewa," akasema.

Muziki ukalia, mtangazaji akatokea, tai imenyooka.

"Mtu anasubiriwa na nchi nzima, anakuja muda anaotaka."

Baba Kulwa akaanza kueleza vipande, mitambo, akiba. Mama alimsikiliza hadi mwisho, kama anavyowasikiliza wauza shuka.

"Kwa hiyo yeye kaanza saa mbili kamili?"

"Ndiyo, Mama."

"Na mie napewa baadaye, ikishachakachuliwa?"

"Si kuchakachuliwa, Mama..."

"Habari za leo, nipewe leo. Nishushieni lile boksi la viatu."

Kesho yake jioni Baba Kulwa, bingwa wa Tanzania Bara, alikuwa juu ya bati na antena iliyopinda, shati limeloa. Mama alikuwa dirishani anaelekeza. Kulwa amekaa katikati anapokea na kupaza. Kulia. Kulia zaidi. Umepitiliza, rudi. Hapo hapo usipumue! Jirani alitoka nje na kiti kabisa. Kifurushi cha king'amuzi kile kiliisha miaka mingi iliyopita na hakuna aliyekilipia, lakini chaneli za bure za ndani zikaanza kuingia moja moja kwenye kitivi cha zamani tulichomwekea Mama chumbani, ITV, TBC, na nyingine ambazo hata sikujua zipo. Mimi nikaandika kwenye daftari la matumizi: antena, sifuri. Ndiyo mstari pekee wa mwaka huo ninaoupenda.

Saa ya ukutani ikagonga saa mbili. Chumbani muziki wa taarifa ukaanza papo hapo, na mtangazaji akawatakia watazamaji habari za jioni.

"Nzuri, mwanangu," Mama akamjibu. "Leo umewahi."